Mama Akiba, Mlinzi wa Kumbukumbu ya Dharura, Anastaafu

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, Mama Akiba atazima kompyuta yake kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia karakana yetu kwa miaka ishirini na saba na siku tisa. Hizo siku tisa amesisitiza ziandikwe.

Alijiunga nasi karakana ikiwa vyumba viwili juu ya duka la viatu, na mashine za kufuatilia mapigo ya moyo ya wagonjwa tukizifunga skrubu kwa mkono. Alipewa kazi ambayo hakuna aliyeigombania: kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu ya ndani kabisa inayogawa kumbukumbu ya mashine kwa kila programu inayoiomba.

Maombi hayo ni ya aina mbili, na ametufundisha hilo hadi masikio yakachoka. Kuna ombi linaloweza kusubiri: kumbukumbu ikipungua, linakaa kando mpaka kiini kifagie vilivyokwisha kutumika na kupata nafasi. Na kuna ombi lisiloweza kusubiri hata kidogo, kama la kupokea pigo la moyo linaloingia sasa hivi. Hilo hupewa papo hapo au hukosa, na likikosa, kengele ya hatari hailii. Kwa ajili yake Mama Akiba alitenga fungu dogo ambalo maombi ya kawaida hayaruhusiwi kuligusa. Jina lake la utani lilitoka hapo.

Kwenye fungu hilo alikuwa na mkono wa birika. Mkurugenzi mwenyewe aliwahi kuomba kipande tu, ili nembo ya kampuni izunguke mashine inapowashwa. Alisikilizwa kwa heshima zote, akaletewa chai, akarudi ofisini kwake mikono mitupu. Ajabu ni kwamba Mama Akiba huyohuyo hajawahi kula chakula chake cha mchana peke yake, na miavuli yake mitatu imo majumbani mwetu mpaka leo.

Mwaka wake wa kumi na nane mambo yalituharibikia. Siku mbili kabla ya wauguzi wa hospitali kuja kuzijaribu mashine, tuliunganisha kumi na mbili kwa pamoja, data ikafurika, na kengele ya mashine ya saba ikakaa kimya. Mkurugenzi alisema wazi kwamba isipolia mbele ya wauguzi, mradi unafungwa na watu arobaini wanarudi nyumbani. Sote tulimshauri Mama Akiba aongeze akiba mara mbili. Alikataa katakata. Alisema akiba ikiongezwa bila kumjua anayeila, italiwa tena. Akavuta kiti, akaanza kusoma moja moja maombi yote yaliyotiwa alama ya dharura. Yalikuwa sitini na moja. Ya kweli yalikuwa tisa.

Lililokuwa linakula kuliko yote lilikuwa langu. Nilikuwa nimetengeneza saa ndogo ya urembo pembeni mwa skrini, ikawa inakwamakwama, nikaitia alama ya dharura ili iende vizuri. Basi, kila sekunde ikawa inachota akibani. Mama Akiba alikuja mezani kwangu, akakaa, akaniuliza kwa sauti ya chini saa yangu ikichelewa kidogo nani atadhurika. Nilimjibu hakuna. Sijawahi kuona aibu namna ile.

Siku ya majaribio kengele zote kumi na mbili zililia, muuguzi mkuu akaziba masikio huku akicheka, na mkurugenzi akapiga makofi kuliko wote. Ripoti ya Mama Akiba ilikuwa na mstari mmoja: kosa limepatikana, limeondolewa. Jina langu halikuwemo. Kwa miaka tisa hajalitaja hata kwa utani, na utani anaupenda.

Sasa amenipendekeza nishike nafasi yake. Nisingeweza kukubali huku nimenyamaza, kwa hiyo jarida hili limebeba na ungamo langu. Mkurugenzi analisoma leo pamoja nanyi.

Mama Akiba, asante kwa kila kengele iliyolia ilipotakiwa kulia, na asante kwa kunisitiri. Maisha yako mapya na yawe mema, wewe na mzee wako na wale wajukuu wanne. Watakuwa na maombi kutwa nzima, na kwao yote ni ya dharura. Hao usiwachunguze, wape tu.