Mzee Masizi na Picha ya Arusi

Marehemu baba yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Masizi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1950, kitinda mimba wa fundi viatu. Vidole vyake vilianza kuwa vyeusi kwa dawa ya viatu, na havikutakata tena.

Alisoma shule ya msingi karibu na reli, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu uchapaji mwaka 1971. Alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji hadi 1994, akafungua studio ya picha, chumba kimoja nyuma ya duka la vioo.

Tarehe 16 Aprili 1977 alifunga ndoa na mama yetu, ambaye hakumruhusu kamwe kugusa mapazia. Studio ilipopata printa, aliichapa upya picha yao ya arusi, nyeusi na nyeupe, kwa kuchanganya wino wa rangi. Baada ya miaka michache ukutani ikageuka kijani, uso wa mama ukafifia. Mama hakulalamika, aliishusha tu, akaiweka kabatini. Hilo lilimuuma baba kuliko maneno. Akamwaga wino wote wa rangi, akajaza wa kaboni, ndugu wa masizi ya sufuria, mweusi na wa kijivu, kwa kuwa kaboni haipauki upesi.

Ila kaboni hutuama chini ya chupa. Kwa haraka ya kumfurahisha mama, baba akasahau kutikisa chupa za wino wa kijivu, ukatoka kama maji. Suti yake ikatoka nyeusi ti. Bi arusi, ambaye uso na gauni lake jeupe vilichorwa kwa kijivu tu, haonekani. Mama akaitazama weee, kisha akasema, "Umejipendelea." Walicheka hadi machozi. Ya pili ilitoka sawa, na iko ukutani hadi leo. Tangu hapo baba alikunywa chai kwa mkono mmoja, mwingine ukitikisa chupa.

Mwezi Agosti 2022 figo zilianza kumsumbua, mikono ikaishiwa nguvu. Mama akawa anamtikisia chupa kando ya kitanda, naye akisikiliza na kumwambia, "Bado kidogo." Alifariki nyumbani tarehe 3 Februari 2023, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama. Tulimpenda sana.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba.

Picha iliyo juu ya jeneza mama aliichapa mwenyewe jana. Tulitaka kumsaidia, akakataa. Alitikisa kila chupa mpaka bega likamuuma. Karatasi ilipotoka, hata mvi za baba zikionekana moja moja, aliishika kwa vidole vyeusi, akamwambia baba pale pichani, "Leo nimekupendelea wewe."

Mungu ampokee na mikono yake ilivyo, ampumzishe kwa amani.