Pindo Kubwa la Mama Pindo

Marehemu shangazi yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, kifungua mimba katika watoto watatu. Alisoma hadi darasa la saba. Hesabu zilimshinda, mkasi ukamkubali.

Mwaka 1984 alianza kushona sare za shule katika chumba cha dirisha moja nyuma ya kiwanda cha magodoro. Kila gauni la mtoto aliliachia pindo kubwa, lishushwe kadiri mwenyewe anavyorefuka. Mzazi akilalamika kuwa gauni ni zito, alijibu, "Kwani mwanao hakui?" Ndipo jina lilipotoka.

Mwaka 1990 aliolewa na fundi baiskeli, ambaye anakiri kuwa suruali moja aliipeleka kurekebishwa mara nne. Baada ya kungoja sana, mwaka 2005 walijaliwa binti.

Mwaka 2012 alitokwa na damu isiyo ya kawaida, akakutwa na saratani mbili kwa mpigo: ya ovari na ya mji wa mimba. Alifanyiwa upasuaji. Daktari alituita akasema, "Ingekuwa moja iliyosambaa, ningeogopa. Hizi kila moja imeanza kwake, na zote tumeziwahi. Wengi wa hali hii huishi miaka mingi."

Sisi tulisikia "mbili" tu. Nyumba ikaanza kunong'ona, wageni wakaingia wakinyata. Naye akatuamini sisi kuliko daktari.

Alipoweza kukaa, alimshonea binti yake gauni la shule lenye pindo la mikunjo mitatu. "Hili litakufikisha darasa la saba," alimwambia. Mtoto alielewa, akalia.

Kila Januari shangazi alilishusha mwenyewe, huku akiitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Vipimo vilitoka safi mwaka baada ya mwaka, lakini hakujishonea hata blauzi.

"Ya nini? Mimi naaga tu."

"Mwaka wa tano huu unaaga, mke wangu," mumewe alimtania. "Si ukae basi!"

Alicheka, ila hakukaa. Tuliishi na mtu aliyesimama mlangoni, na inatuuma kwamba sisi ndio tuliomsimamisha pale.

Tarehe 14 Juni 2024 moyo wake ulisimama akiwa kazini. Haikuwa saratani ile wala ile. Alilinda mlango wa mbele, kifo kikapitia wa nyuma.

Kwenye cherehani tulikuta gauni la buluu, jipya, la vipimo vyake mwenyewe. Binti yake aliligeuza upande wa ndani, akakaa sakafuni. Lilikuwa na pindo la mikunjo mitatu. Mtu wa miaka hamsini na minane harefuki tena, lakini shangazi alikuwa ameanza kujiachia nafasi.

Ameacha mume, binti mmoja, wadogo zake wawili, na sisi watoto wao. Leo amevaa gauni hilo. Pindo hatukuligusa.

Mungu ampumzishe kwa amani, akae sasa.