Mguu wa Tauno na Harufu ya Soseji

Wengine watakuhadithia kisa cha mguu wa Tauno kama walivyokisikia dukani. Mimi nilikuwepo, tena kote: kwenye benchi, ndani ya sauna, na hata chumbani kwa daktari nikiwa nimevaa viatu visivyofanana. Ukimsikia mtu akisema mguu ule ulinusurika kwa maombi, mwambie Redio hajasema hivyo. Redio ndiye mimi. Walinipa jina hilo kwa sababu sizimiki. Mama yangu aliniita Taisto.

Benchi letu liko nje ya sauna ya chama chetu, kibanda cha kuogea mvuke, ukingoni mwa ziwa, limeegemea ukuta wa magogo. Kila Jumamosi ya Februari, ziwa likiwa limeganda hadi gari linapita juu, sisi hutoka ndani tumeiva kama kamba wa kuchemshwa, taulo kiunoni, miguu juu ya zulia kuukuu lililotandikwa kwenye theluji. Mvuke unatufuka mabegani, chupa ya kahawa inazunguka. Ndani anabaki Tauno peke yake, benchi la juu kabisa, karibu na dari ambako joto ni kali zaidi, akimwaga maji juu ya mawe ya jiko. Tulimwita Jiwe. Na hapo kuna sheria ambayo hakuna aliyewahi kuiandika: mtu aliye benchi la juu haulizwi kama yuko salama. Kumwuliza ni kumtukana mbele ya marehemu baba yake.

Siku hiyo gumzo lilikuwa juu ya nati. Tauno alipovua buti kabla ya kuingia, nati ya trekta ilidondoka sakafuni, kubwa kama kidole gumba. Alikuwa ametembea nayo mchana kutwa. Soksi ilikuwa na damu. Tukampigia makofi.

— Mimi punje ya mchanga tu inanitoa machozi, akasema Kengele. Huyu ameumbwaje?

Kengele ni Ilmari, mpiga kengele wa kanisa, na methali zake hupiga vilevile: kwa nguvu, na mara nyingi saa siyo.

— Ni mishipa ya fahamu, akajibu Waya.

Waya ni Kalervo. Alipanda nguzo za simu tangu ujana mpaka magoti yakamkatalia, kwa hiyo kwake duniani hakuna kitu kisichofanana na simu. Akatueleza, kikombe kikitumika kama ubongo na kijiko kama uti wa mgongo. Ubongo ndio ofisi kuu. Uti wa mgongo ndio laini kubwa. Mishipa ya fahamu inatawanyika kutoka hapo hadi kwenye kila kidole. Kidole kikiungua kinapiga simu, juu wanapokea, nawe unaruka.

— Na Tauno?

— Tauno anasikia ikilia, bwana. Hapokei tu. Huo ndio uanaume.

Nakwambia, alikuwa amebakiza hatua moja tu. Mtu aliyemaliza majira mengi ya baridi akiunganisha nyaya zilizokatwa na barafu, hakuwaza kwamba labda simu hailii kabisa.

Kengele akaona nadharia hiyo ni ya kitoto. Kwa maoni yake, kila mtu huzaliwa na fungu lake la maumivu, limehifadhiwa kwenye uti wa mgongo kama maziwa kwenye kopo. Anayelialia hulitumia kidogo kidogo mpaka uzeeni. Tauno alilimwaga lote siku moja, mti ulipomwangukia msituni.

— Na maji yakimwagika hayazoleki, akamalizia. Hana tena cha kumuuma. Mpaka kufa.

— Methali hiyo si ya hapo, mzee.

— Ya wapi basi? Si yamemwagika?

Ikanibidi niwaokoe. Nikawaambia ule mti haukumwaga chochote, ulibadilisha nyaya. Ya moto ikachomekwa kwenye baridi, ya baridi kwenye moto. Ushahidi? Nusu saa tu nyuma, Tauno alikuwa amezama hadi shingoni kwenye tundu tulilokata katika barafu ya ziwa, akasema maji ni vuguvugu. Akatoka na ndara moja, nyingine imebaki majini, naye akapanda ngazi bila kujua mguu upi una ndara na upi hauna. Waya akaguna. Nikaona mambo yanataka kunilegea, nikamtoa marehemu mjomba wangu. Mjomba alikatwa mkono na msumeno wa kiwandani, mkono ukazikwa, lakini vidole viliendelea kumwasha. Jioni mkewe alikaa kando yake akikuna hewa, kushoto kidogo, juu kidogo, hapohapo, na mjomba akapata usingizi.

— Uongo, akasema Waya.

— Kamuulize.

Marehemu haulizwi. Hoja ikapita.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mgeni, Aarre, aliyehamia kutoka kusini na kununua nyumba ya mjane. Alishika kikombe kwa mikono miwili na kusikiliza. Mara moja tu alijaribu kusema. Alitaka kujua kama Tauno hunywa maji mengi, maana alimwona akimaliza ndoo ndogo pale mlangoni, akashika na ya pili. Kengele akamjibu kwamba jiwe nalo lina kiu, tukacheka, mgeni akarudia kahawa yake.

Kisha harufu ikatoka. Ilipita chini ya mlango wa mbao, nzito, yenye mafuta, ile harufu ambayo kila mtu wa kwetu anaijua tangu utotoni. Tukishatoka sisi, soseji huwekwa juu ya mawe ya jiko, na tukimaliza kahawa tunaila na haradali. Waya akafumba macho.

— Huyu Jiwe ana moyo mzuri. Anatugeuzia.

— Isiungue tu.

— Iungue kidogo. Ngozi ikipasuka ndiyo utamu.

Mimi nikaenda kwenye koti langu nikatoa haradali. Kengele akasema usipoziba ufa utajenga ukuta, maana yake, nadhani, alitaka kipande kikubwa. Alitukumbusha bila kukusudia. Lile fito la mbao linalozunguka jiko, ambalo Tauno huegemeza mguu akiwa juu, lilikuwa limeungua tangu Krismasi na hakuna aliyeweka jingine. Tukakubaliana kwamba tutaweka. Tulikuwa tukikubaliana hivyo kila Jumamosi.

Harufu ikazidi. Aarre akaweka kikombe chini.

— Samahani, wazee. Soseji kaleta nani?

Waya akamtazama Kengele. Kengele akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Aarre, kwa kuwa mgeni ndiye anayepaswa kuleta. Aarre akatikisa kichwa. Barafu ikasikika ikijinyoosha ziwani. Nilikuwa nimeshika haradali, imefunguliwa.

Soseji hiyo haina mwenyewe. Mpaka leo.

Tuliingia wote kwa mkupuo, taulo la Waya likabaki kwenye kitasa. Tauno alikuwa benchi la juu, mgongo umenyooka, macho yamefumbwa, uso wa mtu aliyeridhika na Jumamosi yake. Mguu wa kulia aliunyoosha kama alivyounyoosha miaka yote, pale fito lilipokuwa. Fito bovu lilikuwa limekatika hatimaye. Ulikuwa umetulia kwenye ukingo wa chuma cha jiko.

— Fungeni mlango, akasema. Mnatoa joto.

Hakuna aliyefunga. Akafumbua macho, akaona tunakotazama, naye akatazama hukohuko. Niliwahi kuona watu wakiumia msituni, nimeona damu, nimeona mfupa. Sijawahi kuona mtu akiuangalia mguu wake kama mguu wa jirani.



Aarre ndiye aliyeuinua ule mguu, taratibu, kwa mikono miwili kama alivyoshika kikombe. Sitasema nini kilibaki kwenye chuma. Tauno alikuwa akimtazama mgeni usoni, si mguuni, akingoja asome huko ni kiasi gani anapaswa kuumia. Tukamfunga taulo la Waya, tukamsukuma kwa kigari cha kuteleza kwenye theluji hadi kwenye gari langu. Njiani kwenda hospitali aliomba maji tu.

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko buti zangu. Alimpima damu, akarudi na uso mwingine. Sukari, akasema. Imekuwemo mwilini kwa miaka, na sukari huanza kula mishipa ya fahamu ile mirefu kuliko yote, inayofika vidoleni mwa miguu. Haikuwa ushujaa, Tauno hakukataa kupokea simu. Laini ilikufa. Nati haikupiga, barafu haikupiga, jiko halikupiga. Kama mishipa ya damu nayo imekufa, mguu unakatwa chini ya goti. Kama bado, watajaribu kuuokoa.

Akataka kujua uhai umeishia wapi, akaanza na mguu wa kushoto, ule usioungua. Akatoa kipande cha uzi mgumu kama wa ndoana, akamwambia Tauno afumbe macho na aseme “sasa” kila atakapohisi. Tukasubiri. 

— Niko tayari, daktari, akasema Tauno. Anza.

— Nimeshamaliza.

Tauno akacheka, kicheko kile cha benchi la juu, hata daktari akatabasamu.

Mguu ulibaki. Vidole viwili vilikatwa. Siku hizi Tauno anakaa nje nasi, soksi nene, na kila akitaka kuingia mmoja wetu anatangulia kushika jiko kwa mkono na kumwambia likoje. Fito tuliweka Jumatatu ileile. Na benchi la juu sasa linaulizwa, kila mara, mpaka linakereka: uko salama? Waya anasema tumegeuka wauguzi. Lakini yeye ndiye anayeuliza zaidi.

Yote hayo nimeyaona kwa macho yangu. Nimetunga kimoja tu, kile kicheko. Tauno hakucheka. Alibaki amefumba macho vilevile, akanigeuzia uso, akauliza kwa sauti ndogo:

— Redio. Amenigusa kweli?

Nikamwambia ndiyo, nimeona.