Mama Laini na Viti vya Wananchi Barazani

Ndugu, jamaa, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kusimama nasi leo, familia imeombwa isome maisha ya mpendwa wetu kwa kifupi, jambo ambalo mwenyewe angelicheka, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akieleza kitu kwa kifupi, lakini tutajitahidi.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa posta, chumba cha tatu kutoka bombani, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa baba karani wa posta na mama fundi cherehani, na kwa kuwa baba alizoea kurudi nyumbani na watu waliotaka kuandikiwa barua au kusomewa zilizofika, binti huyu alisikia shida za watu wazima kabla hajajua kuandika jina lake. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, kisha sekondari ya bweni ya wasichana hadi 1968, ambako mwalimu mkuu aliandika kwenye ripoti yake ya mwisho kwamba ni mwanafunzi hodari, msafi, na mwenye maswali kupita kiasi. Mwaka 1969 alijiunga na chuo cha simu, akafuzu kazi ya opereta pamoja na hatimkato, yale maandishi ya mikunjo yanayomwezesha mtu kuandika kwa kasi ya anayesema.

Tarehe 5 Januari 1970 aliajiriwa katika jengo kuu la simu, ghorofa ya pili, kwenye safu ya akina dada kumi na wawili waliokaa mbele ya ubao wa kuunganishia simu, na huko ndiko alikopata jina la Mama Laini hata kabla hajawa mama, kwa kuwa wateja waliizoea sauti yake ikisema, "Subiri laini yako," na jina likaganda, ingawa waliofanya naye kazi wapo hapa na wataapa kwamba kwa tabia hakuwa laini hata kidogo.

Kwa ubao huohuo alimpata mume. Mwalimu mmoja kijana wa hesabu alikuwa akimpigia mama yake simu kila Ijumaa alasiri, na Ijumaa moja, alipoulizwa anataka namba gani, akasema, "Leo sitaki namba, nataka kuongea na wewe." Marehemu akamjibu kwamba akiendelea kushikilia laini ya watu bure atamkatia, akamhesabia hadi tatu, akamkatia. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Julai 1975, wakajaliwa watoto watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja, na wajukuu saba.

Tarehe 30 Juni 1998 mitambo mipya ilipokuja, akina dada wote wa ghorofa ya pili walipunguzwa kazini, wakapewa cheti na saa ya ukutani. Wenzake wengi walirudi nyumbani kupumzika, lakini yeye alipumzika wiki mbili tu, mumewe akaanza kumwomba atafute pa kwenda, akatafuta karibu miaka mitatu, na mwezi Mei mwaka 2001, katika chumba cha nyuma cha maktaba ya mtaa, akaanzisha na wenzake tisa Chama cha Watumiaji wa Simu na Mtandao. Chama kilikuwa na kompyuta mbili na meza moja iliyopungua mguu. Waliwafundisha watu kutuma barua pepe, wakawaandikia malalamiko, na wakajifunza wenyewe, kwa shida na kwa vicheko, intaneti inaendeshwa na nani.

Hapo ndipo safari yenyewe ilipoanza, maana mwaka 2006 liliundwa Baraza la Mtandao, chombo kinachogawa majina ya tovuti za nchi nzima na kuamua nani afungiwe na nani aachwe. Viti vilikuwa kumi na kimoja, vinne vya serikali, vinne vya makampuni, viwili vya vyuo vikuu na kimoja cha wahandisi. Wananchi wanaoutumia mtandao huo hawakuwa na kiti. Vyama vyao viliitwa waalikwa, vikawekewa benchi ukutani, kando ya mtungi wa maji ya kunywa, na kanuni ya tisa ilisema mwalikwa anasikiliza tu, hasemi wala hapigi kura.

Marehemu alilikalia benchi lile miaka saba bila kusema neno. Alikwenda na daftari, akaandika kwa hatimkato kila neno lililosemwa, na kesho yake asubuhi akayageuza kuwa Kiswahili cha kawaida na kuyabandika kwenye ubao wa maktaba, ili muuza vocha na mwanafunzi wajue ni nini kimeamuliwa juu yao. Mumewe alikuwa akiwaambia wageni, "Msinione nimekaa hapa sebuleni mkadhani mimi ndiye mwenye nyumba, hata humu ndani mimi ni mwalikwa, sina kura."

Mwezi Agosti 2010 katibu wa Baraza alimfuata nyumbani, akakaa kwenye kochi, akasema kwa furaha, "Mama, tumeamua kuongeza kiti kimoja, na tumekuchagua wewe."

"Mmenichagua ninyi?"

"Ndiyo, sisi wenyewe."

"Basi nitakuwa mtu wenu," akasema marehemu. "Waacheni wananchi wamchague wa kwao, hata kama si mimi."

Katibu aliondoka bila kumaliza chai, kiti kikafutwa, na chamani kukazuka mtafaruku. Makamu wake, mama mwenye duka la vitabu, alimwambia mbele ya watu, "Tumehangaika miaka minne, mlango umefunguliwa, na wewe umeufunga kwa ukaidi wako." Wanachama watatu walijitoa siku ile, na makamu akiwa mmojawapo. Familia tunaifahamu siri ambayo chama hakikuijua, kwamba kwa wiki mbili baada ya hapo marehemu hakula vizuri, na alimwambia mumewe jikoni, "Labda nimekosea." Mumewe alikuwa anamenya viazi, hakuinua kichwa, akamjibu, "Hesabu hiyo bado haijaisha, usitafute jibu sasa."

Mwaka 2013 Baraza lilileta kanuni mpya, kwamba tovuti yoyote ikilalamikiwa ifungwe ndani ya siku moja, na mwenyewe asikilizwe baadaye. Kanuni ilianza kwa majaribio mwezi Juni, na Jumatatu, tarehe 8 Julai, ikaifunga tovuti ndogo ya mtaalamu mmoja wa maabara, ambayo watu wenye makundi adimu ya damu waliitumia kutafutana. Kosa lake lilikuwa kufanana jina na duka la mfanyabiashara aliyelalamika. Siku tisa baadaye, Jumatano asubuhi, fundi mmoja wa kuchomelea mageti alifika chamani na nguo za kazi, jasho likimtoka, mkewe akiwa hospitali, amejifungua na anapoteza damu, na damu ya kundi lake haipo. Alikuwa amesikia kuna tovuti ya damu. Alipoifungua, ilikuwa tupu.

Marehemu hakuinuka kwenda kulalamika popote. Alimpigia mtaalamu wa maabara akauliza kama kuna orodha ya zamani kwenye karatasi, ikapatikana, majina mia mbili na kumi na mawili, kisha akawaita maopereta wenzake wanne wastaafu, wakafika na miwani zao na simu zao za mkononi, wakagawana kurasa. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana chumba kile cha maktaba kilirudi kuwa ghorofa ya pili, sauti tano zikisema kwa utulivu uleule wa zamani, na fundi akazunguka mezani akiombwa kila mara awapishe watu njia. Walipatikana sita wenye kundi lile, watatu wakafika hospitali kabla ya saa tisa. Yule mama alipona. Binti aliyezaliwa siku ile yuko darasa la tano, na leo amekuja hapa na wazazi wake.

Tarehe 19 Septemba 2013, Alhamisi, Baraza lilikaa kuipitisha kanuni ile moja kwa moja. Benchi lilijaa, na fundi alikuwepo na mkewe na mtoto. Ajenda ilipofika, marehemu alisimama. Mwenyekiti, mtu mpole wa sauti, akasema, "Mama, unajua waalikwa hawasemi."

"Najua, Mwenyekiti. Sijasema. Nimesimama."

Benchi zima likasimama naye, kimya, na wajumbe wakaanza kutazamana, mpaka mjumbe wa wahandisi, dada mmoja ambaye kwa miaka yote hawakuwahi kuongea naye zaidi ya salamu, akawasha kipaza sauti chake akasema, "Mimi nina dakika tano kwenye ajenda hii. Nampa yule mama." Mwenyekiti akaipekua kanuni mbele na nyuma, akavua miwani, akasema hakuona panapokataza.

Marehemu alifungua daftari lake. Hakuhutubia. Alisoma. Aliwasomea wajumbe maneno yao wenyewe ya tarehe 21 Machi, neno kwa neno, pale walipoahidi kwamba kila atakayefungiwa atakuwa analijua kosa lake. Kisha akasema, "Nimeunganisha na kukata simu za watu miaka ishirini na nane, na hatukumkatia mtu kabla ya kumwambia. Naomba fundi huyu awajibu." Fundi hakuwa amejiandaa. Akasema, "Mke wangu ni huyu. Mtoto wangu ni huyu. Kosa letu silijui," akakaa.

Kura zilikuwa sita kwa tano, na kanuni ikaanguka. Watu walishuka ngazi wakikumbatiana hadi barabarani, na marehemu akakaa kwenye ngazi ya mwisho, akavua viatu, akacheka mpaka machozi. Mama mwenye duka la vitabu alisoma habari hizo maktabani, akaenda nyumbani kwa marehemu na kusema tu, "Nimerudi, nipe kazi." Akapewa lundo la barua za kubandika stempu.

Kazi ilikuwa kubwa, kwa sababu ushindi ule ulifungua mlango wa kuiandika upya katiba ya Baraza, na kwa miaka miwili marehemu, mhandisi yule na vyama thelathini na vinne vilibishana juu ya kila mstari, mpaka mwaka 2015 vikapatikana viti viwili vya wananchi, vyenye sauti, vyenye kura, na vya kuchaguliwa na vyama vyenyewe. Marehemu alipata kura ishirini na saba kati ya thelathini na nne. Alikula kiapo Jumatatu, tarehe 2 Novemba 2015, akiwa na miaka sitini na minne, na hoja yake ya kwanza ilikuwa kwamba nyaraka zote za Baraza zitolewe kwa Kiswahili kinachosomeka, siku kumi kabla ya kikao. Ilipita bila kupingwa. Mumewe, aliyeketi benchini siku ile kama mwalikwa halali, ndiye aliyepiga makofi ya kwanza, na akaonywa.

Mwaka 2017 alitumwa kwenye mkutano wa mataifa, ukumbi wenye watu elfu mbili, na alipoambiwa kwamba ingefaa atumie lugha ya wenyeji wa mkutano, akauliza wakalimani wapo kwa ajili ya nani. Alisema kwa Kiswahili, dakika saba, akaeleza habari ya benchi, ya damu na ya kura sita, na ukumbi ukasimama. Wajumbe wa nchi nne walimfuata koridoni kuomba nakala ya katiba ile, na leo mabaraza yao yote manne yana viti vya wananchi.

Alitumikia mihula miwili, na vyama vilipomwomba agombee wa tatu mwaka 2021, alikataa, akasema akibaki zaidi atageuka fanicha. Nafasi yake ilichukuliwa kwa uchaguzi na fundi wa kuchomelea, ambaye kwa miaka minane alikuwa amesoma kila waraka ambao marehemu aliubandika.

Afya yake ilianza kuyumba Oktoba 2022, miguu ikivimba, na madaktari wakagundua moyo umechoka. Alitibiwa akiwa nyumbani, mumewe akimpangia dawa kwa jedwali la rangi tatu, hadi tarehe 3 Februari mwaka huu wa 2024 alipolazwa wodi ya pili. Alhamisi, tarehe 15, fundi aliingia wodini na suti aliyoazima, akasimama miguuni pa kitanda, akashindwa kuanza.

"Sema tu, mwanangu," marehemu akamwambia.

"Mama, Baraza limechagua mwenyekiti."

"Nani?"

"Mimi."

Marehemu akamwambia anyooshe kola, kisha akamuuliza kama nyaraka za kikao kijacho zimeshatoka, akajibiwa zimetoka jana, akasema, "Haya, kazi njema." Binti yake mkubwa, aliyekuwa amemshika mkono, anasema hakuwahi kumwona mama yake akiwa na furaha ya namna ile. Aliaga dunia Jumapili, tarehe 18 Februari 2024, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa amebakiza siku ishirini na tano kutimiza miaka sabini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, waliomvumilia mgonjwa aliyetaka kila dawa aelezwe inafanya nini, majirani waliopika, waliofua na waliolala nasi siku hizi nne, maopereta wa ghorofa ya pili, wanachama wote wa chama pamoja na waliowahi kujitoa, dada mhandisi, mwenyekiti, na wajumbe wote wa Baraza, waliokuja leo bila kukosa hata mmoja, serikali, makampuni, vyuo na wananchi, wakaketi humu wakiwa wamechanganyika.

Mume wake ametuomba tumalizie kwa maneno yake mwenyewe, naye hakuandika mengi: "Mke wangu, umewatetea watu wakasikika, na umeyaona matunda kwa macho yako. Ulale kwa amani."