Safari Hii Mama Breki Hashuki

Baada ya miaka ishirini na sita katika shule yetu ya mbio za magari, mingi kati ya hiyo akiwa kwenye kiti cha abiria, Mama Breki anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Naandika kwa niaba ya wenzangu wa mapokezi, karakana na uwanjani. Mwanangu amelala hatimaye, kwa hiyo sitazunguka.

Alianza kwa kuosha magari ya kukodi. Siku moja mkufunzi aliugua, akaambiwa apande yeye na mwanafunzi. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kumrudishia ndoo.

Jina lake amelipata kwa haki. Watu huja kwetu wakidhani mbio ni kukanyaga mafuta tu: makarani, wauza viatu, walimu wa hesabu, wote macho yanawang'aa. Yeye huanza na breki. "Kanyaga, baba! Unaibembeleza ya nini, imekununia?" Sauti hiyo hutufikia hadi mapokezi. Baba mmoja mwenye sharubu aliitii mpaka kiatu kikakwama chini ya pedali, akaja kurudisha kofia akiwa na kimoja. Leo baba huyo hakosi mbio zetu za ridhaa za kila mwezi. Na mikononi mwa Mama Breki hakuna mgeni aliyeumia zaidi ya kujing'ata ulimi.

Lakini yeye mwenyewe hajawahi kushindana. Mara kadhaa amekodi gari kama mteja yeyote, akavaa kofia, akapanga foleni. Kila mara gari la mgeni fulani liligoma kuwaka dakika za mwisho, naye akashuka, akampa lake. Mara ya mwisho alikuwa muuguzi aliyebadilishana zamu ili aje. "Mwacheni mtoto wa watu aende, mimi nipo tu," alisema, akachukua bendera. Nilisimama karibu naye. Alipunga vizuri, ila gari lake lilipopita hakulitazama.

Sasa hilo "nipo tu" limefika mwisho. Wakuu wetu walifikiria saa ya ukutani. Bintiye akatuambia, "Mama saa anayo. Mpeni mbio." Basi Jumamosi ya kwanza baada ya kustaafu, gari jekundu ni lake. Wageni wa siku hiyo tumeshawaambia: gari la mgeni likigoma, mgeni huyo atasubiri mbio za mwezi unaofuata, hata alie. Wamekubali. Fundi mkuu ameahidi kusimama mlangoni kwa Mama, upande wa kushukia.

Mama, asante kwa subira, kwa makelele, na kwa kunibebea mtoto nilipokuwa nagawa kofia. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi usiokatizwa na mtu, na goti linalokuheshimu.

Na Jumamosi, ukimwona mtu amesimama kando ya gari lililozima, tunajua moyo utakuruka. Mpungie mkono. Halafu nenda.