Mama Elea na Kofia za Njano

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Aliye jikoni apunguze moto. Leo tunamkumbuka mwalimu wa kuogelea wa bwawa la manispaa, mama mmoja mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Sote tulimwita Mama Elea. Amefariki wiki hii, kitandani kwake, usingizini. Jina hilo alilipata kwa sababu kila mtoto aliyeingia majini alisikia neno lilelile: "Elea! Kuogelea baadaye. Elea kwanza!"

Mimi mwenyewe nilipita mikononi mwake. Nililia, nikanywa maji ya bwawa, nikatishia kumshtaki kwa mama. Akaniambia, "Mshtaki ukiwa umelala chali." Nikalala chali juu ya maji, na kilio kikaniishia hapohapo.

Sasa tuje kwenye kofia ya njano. Kofia hii aliianzisha yeye, akiwa mkuu wa walimu wa bwawa. Naomba mlishike hilo, aliianzisha yeye. Akisharidhika kwamba mtoto anaelea, anapumua vizuri na hana papara, alimwambia avuke bwawa kwa upana. Akivuka, anavishwa kofia. Haikuwa zawadi. Ilikuwa alama ya kumsaidia mwokoaji, yule kijana anayekaa kwenye kiti kirefu kulinda watu majini. Akiona kofia ya njano, anajua huyu anajiweza. Macho yake yanakwenda kwa wasio na kofia.

Mambo yalikwenda vizuri kwa miaka. Kisha akaja meneja mpya. Si mtu mbaya, tusimpake matope. Alitakiwa kuwaonyesha wakubwa wake kwamba bwawa linafanya kazi, na kitu rahisi kuhesabu kilikuwa kofia. Akatangaza kwamba mwalimu mwenye kofia nyingi kila mwezi atapata siku za mapumziko, na picha yake itabandikwa ukutani. Ebo! Walimu wakachangamka.

Njia ya mkato ikapatikana upesi. Kumfundisha mtoto kuelea kunataka wiki nyingi. Kuvuka ni mara moja. Basi mtoto akafundishwa kujaza pumzi, kusukuma ukuta kwa miguu yote miwili, na kupiga maji macho yamefumbwa mpaka aguse ukuta wa pili. Kavuka! Apewe kofia! Bwawa likawa njano tupu. Wazazi wakapiga picha, meneja akamwagiwa sifa. Na Mama Elea? Wasikilizaji wapendwa, siwafichi. Naye picha ilimvutia. Binti yake, niliyeketi naye sebuleni kwao juzi, alicheka huku akifuta machozi: "Mama alisema hataki picha. Lakini siku ya kupigwa, alikwenda kusuka nywele."

Mjukuu wake alikuwa na miaka saba. Alivuka kwa pumzi moja, na bibi yake akamvisha kofia kwa mkono wake mwenyewe.

Jumamosi moja bwawa lilikuwa limejaa watoto. Mjukuu akasukuma ukuta kama alivyofundishwa. Katikati akagongana na mtoto mwingine. Pumzi ikamtoka, ukuta haupo, na kuelea hajui. Akaanza kuzama. Yule mwokoaji, ambaye sasa naye ana watoto, alinieleza kwa sauti ndogo: "Nilimwona. Niliona kofia, nikasema huyo ni wa Mama Elea, huyo hana shida. Nikageuza macho."

Bibi mtu ndiye aliyeruka, na gauni lake, na kandambili zake. Akamtoa. Mtoto akatapika maji, akalia. Alipona. Narudia, wasikilizaji wapendwa, mtoto alipona.

Kesho yake Mama Elea alisimama mlangoni na kapu. Kila kofia ya njano iliyofika ikaingia kapuni. Watoto wakaangua vilio. Mama mmoja akamjia juu: "Mwanangu aliipata kihalali!"

"Sawa, mwanangu. Mwache aelee hapo nikinywa chai. Nikimaliza, aichukue."

Mchelea mwana kulia hulia yeye, na Mama Elea alikuwa ameshalia vya kutosha. Siku nyingine chai aliinywa haraka. Siku nyingine aliipuliza weee, mpaka ikapoa. Watoto wengi walirudi kwenye maji ya magotini kuanza upya.

Meneja akamwita ofisini. "Mama, wazo lako zuri. Kikombe cha ukubwa gani? Tuandike ukutani, walimu wote wajue."

"Hapana, baba. Ukiwaambia ukubwa wa kikombe, watawafundisha watoto kikombe."

Mwezi ule kofia zilikuwa chache za kutia aibu. Wakubwa wakang'aka. Mama Elea akavuliwa ukuu wa walimu, akapewa wanaoanza tu, alfajiri, maji yakiwa ya baridi. Alibaki nao mpaka alipostaafu. Hilo lilimuuma, tusidanganyane. Lakini kofia hakuzigawa ovyo tena.

Mjukuu leo ana ndevu, na anaelea vizuri sana. Nilimuuliza anamkumbuka bibi yake kwa lipi. Akasema: "Kila nikiingia majini alisimama ukingoni. Hata nilipomleta mchumba wangu, bibi huyo hapo, kasimama. Nikaona aibu. Nikamwambia, 'Bibi, mimi naelea siku hizi, wewe ndiye uliyenifundisha.' Akasema, 'Najua. Siku ile ya kukuvisha nilitazama kofia, mjukuu wangu. Sasa niache nikutazame wewe.'"

Kwa binti yake, kwa mjukuu wake, na kwa walimu wa bwawa, poleni sana. Sisi tuliolala chali mikononi mwake tuko kwenye msiba huu pamoja nanyi. Mungu ampokee.

Nasi tuliobaki, tujiulize kidogo. Pengine jioni ya leo mtoto ataingia na alama zake za shule. Kabla hujaziangalia, mwombe akueleze kitu kimoja alichojifunza. Msikilize mpaka amalize.