Msumari Mmoja kwa Kila Bati

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi, fundi wa paa alikuwa akimsomesha mama mfua nguo ambaye hakuomba kusomeshwa. "Mama, mawingu haya ni ya kupita tu. Miaka ishirini nayatazama, hayajawahi kunidanganya."

Mama aligusa kioo kwa kidole. "Fundi, angalia vizuri. Ya juu yanakwenda kule, ya chini yanarudi huku. Mimi nikiona hivyo naanua nguo hata kama bado mbichi. Huo ni upepo, tena mkali."

"Upepo gani? Asubuhi moshi ulipanda wima kama nguzo! Ndiyo maana nimeyashika mabati kwa msumari mmoja mmoja, nikaja mjini kuongeza misumari." Alikuwa ameipakata pakiti yenyewe kama mtoto mgonjwa.

"Paa la nani hilo?"

"La darasa la chekechea. Mwalimu aliniuliza kama awaingize watoto. Nikamwambia awaingize, hakuna neno."

Nje vumbi liliinuka, kibanda cha viatu kikang'oka turubai.

"Ni ya kupita," fundi alisema, safari hii kwa sauti ya kuomba.

Basi lilikwama kwenye foleni. Alishuka mbio bila kuaga. Misumari aliiacha kitini.